Amua Angali Mzima

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: usingoje mnyama wako alale sakafuni asiweze kuinuka ndipo uanze kujiuliza la kufanya. Saa hiyo utakuwa unalia tu. Amua sasa, angali mzima, ni lini utamwomba daktari amchome sindano ya mwisho, afe bila mateso.

Andika mambo matatu anayoyapenda kuliko yote: kukupokea mlangoni, kukimbiza mpira, kuota jua dirishani. Mawili yakishamshinda, kazungumze na daktari wa mifugo. Karatasi hiyo ibandike kando ya kalenda. Akizeeka, au akipatikana na ugonjwa usiopona, kila jioni tia alama: nukta kwa siku njema, mkasi (X) kwa siku mbaya. Kwa nini uandike? Kwa sababu akitikisa mkia asubuhi moja, unasahau siku tano alizokesha akihema. Mikasi ikizidi nukta kwa wiki mbili, usijidanganye. Hesabu pia pumzi zake akiwa amelala fofofo. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mbwa au paka kwa kawaida hapiti 30 kwa dakika. Akipita, na ukirudia kuhesabu bado amepita, mpigie daktari siku hiyohiyo, hasa kama ana ugonjwa wa moyo.

Kuna atakayesema, "Paka wangu halii, basi haumwi." Hapana! Paka huficha maumivu. Mtazame: harukii tena kiti, manyoya yanashikana kwa kuwa hajilambi. Asipokula siku mbili tatu, ini huanza kujaa mafuta. Wala usimpe parasetamoli, inamuua.

Mwingine atasema kupanga hivi ni kumchuria. Kinachomtesa ni wewe kutafuta namba ya daktari usiku wa manane! Uliza mapema: atakuja nyumbani? Atatanguliza dawa ya usingizi kabla ya sindano ya mwisho? Tandika taulo, maana mkojo hutoka. Macho hubaki wazi, na huenda akavuta pumzi moja mbili baada ya moyo kusimama. Hajazinduka.

Muda unanibana, kwa hiyo upesi upesi. Mwili hukakamaa ndani ya saa chache, mkunje mapema. Aliyechomwa pentobabitali, yaani dawa ya sindano ya mwisho, azikwe kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima, kwa kuwa dawa hubaki mwilini na mbwa atakayefukua mzoga huo akaula anaweza kufa. Watoto waambieni "amekufa", si "amelala", wasije wakaogopa kulala. Haya, maswali.