Ngitili Ifungwe Mvua Zinapoanza, Si Zinapokwisha

Ndugu wafugaji wa Shinyanga, na ninyi mabwana shamba na mabwana mifugo mliokaa nyuma, ngitili, yaani malisho tunayoyafunga yawe akiba ya kiangazi, sina haja ya kuwaeleza zaidi. Wengi mmeirithi kwa babu zenu, na waliokuwapo tangu mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 wameona kwa macho yao ardhi iliyokuwa uwanja mtupu ikirudi kuwa malisho. Leo nataka tuzungumzie tarehe ya kuifunga.

Siku hizi mtu anafunga ngitili Aprili au Mei, mvua zikiwa zinakata. Anazungushia miiba kipande ambacho ng'ombe wamekikanyaga tangu Desemba, halafu Agosti analalamika kwamba hakuna kitu. Kingetoka wapi?

Tutazame shina moja la nyasi za kudumu. Mvua ya kwanza inalikuta halina jani bichi la kujitengenezea chakula. Linachipua kwa akiba iliyobaki kwenye kitako cha shina na kwenye mizizi. Jani la kwanza linatumia akiba. Yakifika matatu au manne ndipo akiba inaanza kurudishwa. Sasa ng'ombe akilikata chipukizi hilo, baada ya siku chache linatoka jingine, laini kuliko nyasi zote za jirani, na ng'ombe yule yule anarudi pale pale. Anaziacha nyasi ndefu, anafuata aliyoila juzi. Akirudi mara tatu, mara nne, akiba imekwisha na shina limechoka.

Chini ya ardhi ni vibaya zaidi, ila hamuoni. Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani, Franklin Crider, alichapisha majaribio ya kukata nyasi. Zilipokatwa nusu ya majani, mizizi iliendelea kukua karibu kama kawaida. Zilipokatwa asilimia 80, mizizi ilisimama kukua kwa siku 12. Siku 12, ndugu zangu, na mvua zetu ni za msimu mmoja tu! Maji yanashuka na mizizi haiyafuati. Ndiyo maana nasema wiki sita hadi nane za mwanzo wa mvua zina thamani kuliko miezi yote ya kiangazi mnayolinda kwa sungusungu.

Kuna atakayesema: tatizo ni wingi wa ng'ombe, tupunguze. Wingi una uzito wake, na hesabu nitaitoa sasa hivi. Lakini hata ng'ombe kumi wakiachwa mahali pamoja kuanzia Desemba hadi Mei watachagua. Cenchrus na Themeda, nyasi nzuri za kudumu, zitaondoka kwanza. Zitabaki Aristida na nyasi nyingine za mwaka mmoja, na baada yake mti wa miiba wa mkulagembe, ambao ukishakuwa kichaka unaukata mmoja yanatoka machipukizi matano.

Mwingine atasema nyasi zilizokaa tangu Desemba zimekomaa, hazina lishe. Ni kweli, wala sibishani. Protini ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vinavyosaga chakula tumboni vinalegea, na ng'ombe anakula kidogo ingawa nyasi zimejaa. Mpe mashudu ya pamba, kama kilo moja kwa siku kwa mkubwa. Ndama ambaye hajaanza kucheua asipewe kabisa, maana pamba ina sumu ambayo tumbo lake haliiwezi. Tunalima pamba hapa hapa, halafu mashudu yanapandishwa lori kwenda kwingine!

Hesabu. Mvua zikiisha, tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja. Itupe ovyo sehemu kumi au zaidi, kata nyasi zilizo ndani ukiacha sentimita tano, anika zikauke kabisa, pima, kisha tafuta wastani. Gramu mara kumi ni kilo kwa hekta. Ukipata gramu 150, una kilo 1,500 kwa hekta. Nusu iachie ardhi, zinabaki 750. Ngitili ya hekta nne itatoa kilo 3,000. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kilo sita na robo za nyasi kavu kwa siku, kwa hiyo una siku 480 za ng'ombe mmoja: ng'ombe wanane kwa siku 60. Ukiingiza thelathini, zinaisha siku ya 16, na usimlaumu Mungu.

Muda umekwenda, haya nayataja tu. Mbegu za Cenchrus za mwaka huu usizipande mwaka huu, hazioti vizuri; ziweke ghalani angalau miezi sita, kisha uzifukie kwa udongo usiozidi sentimita moja. Barabara ya moto ilimwe mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, upana wa mita tano au sita. Adhabu ya anayeingiza mifugo usiku ni kazi ya dagashida, baraza letu la jadi, mnaijua kuliko mimi.

Kufungua: gawa vipande vitatu au vinne, usifungue vyote kwa mkupuo, maana kwato zinaharibu nyingi kuliko midomo. Anza na kipande cha mbali, ng'ombe wakiwa bado na nguvu za kutembea. Cha karibu na maji kibaki hadi Septemba na Oktoba, kiwe cha ndama, wagonjwa na maksai, kwa sababu Novemba maksai hao ndio watakaovuta plau.