Ghala na Dirisha: Kukusanya Habari za Korosho kwa Jedwali Linalojijaza

Mhadhara kwa makatibu wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima), maafisa ushirika na waandishi wa redio, Mtwara

Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Ndugu zangu wengine, hamjambo.

Nianze na kazi iliyokuwa ikinila asubuhi zangu. Msimu wa korosho ukifunguliwa, mwezi wa kumi, nilikuwa naamka, nafungua kivinjari, naandika "bei ya korosho mnadani", naingia ukurasa mmoja baada ya mwingine. Nanakili kichwa cha habari, nabandika kwenye jedwali. Narudi kunakili kiungo, nabandika. Na vyama vikuu vya ushirika vinavyouza korosho mnavijua: TANECU ya Tandahimba na Newala, MAMCU ya Masasi na Mtwara, RUNALI ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kisha Lindi Mwambao. Nikimaliza cha mwisho, saa tatu imeshapiga na sijasoma hata habari moja kwa utulivu. Hilo ndilo lililoniuma. Muda wote uliishia kwenye kuokota, wa kusoma haukubaki.

Kuokota ni kazi ya kompyuta. Leo nataka kuwaonyesha jinsi ya kuikabidhi kazi hiyo, na mahali ambapo msikubali kuikabidhi.

Wengi wakisikia hivi wanakimbilia kuandika fomula inayochota moja kwa moja ukurasa wa matokeo wa Google. Msifanye. Tovuti nyingi zina faili dogo liitwalo robots.txt, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994. Humo mwenye nyumba anaandika vyumba ambavyo roboti, yaani programu zinazopekua tovuti zenyewe, hawakaribishwi. Faili la Google limekitaja chumba cha utafutaji. Ukibisha hodi ukaambiwa hapana, huzunguki kupitia dirishani.

Mlango ulio wazi ni Google Alerts, huduma iliyopo tangu 2003. Unaandika maneno unayoyafuatilia, kisha mahali pa kuchagua barua pepe unachagua mlisho wa RSS, yaani orodha ya habari mpya inayojisasisha yenyewe, unapewa anwani. Anwani hiyo unaiweka kwenye Google Sheets, jedwali la mtandaoni la Google, ndani ya fomula ya IMPORTFEED, na vichwa vya habari vinashuka kisanduku kwa kisanduku. Dakika tano, umemaliza. Mara ya kwanza nilipoona vinashuka nilimwita mwenzangu aje atazame.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipoumia. Fomula ile ni dirisha. Inakuonyesha kilichopo nje saa hii, na kila saa inatazama upya. Mlisho wenyewe unabeba habari chache za karibuni tu: mpya ikiingia, ya zamani inatoka. Nilikaa wiki tatu nikiamini nakusanya. Siku niliyohitaji habari za mnada wa kwanza nikakuta jedwali lina habari za juzi na jana, basi. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Pembeni ya kila habari nilikuwa nimeandika maelezo yangu kwa mkono: huyu nimpigie simu, hii bei nimeihakiki. Fomula ilipojisogeza, vichwa vya habari vilihama, maelezo yangu yakabaki pale pale. Neno "nimehakiki" nililoliandika kwa habari ya Tandahimba likawa limekaa ubavuni mwa habari ya Liwale ambayo sikuwahi hata kuifungua.

Tunachohitaji sisi ni ghala. Na nyinyi mnajua ghala linavyofanya kazi kuliko mtu yeyote wa kompyuta. Gunia likifika, mtunza ghala anapima, anaandika tarehe, anaandika limetoka kwa nani, anatoa stakabadhi. Gunia lile lile hapokei mara mbili. Gunia likishaingia kitabuni halifutiki kwa sababu limekuja jingine.

Ndani ya Google Sheets yupo mtunza ghala wa namna hiyo. Anaitwa Apps Script, na yupo tangu 2009. Unampa skripti fupi, yaani maagizo ya kompyuta, chini ya mistari arobaini, na nitawagawia niliyoiandika. Inafungua mlisho, inachukua habari moja moja, inauliza: kiungo hiki kiko tayari kwenye safu ya viungo? Kama kipo, inapita. Kama hakipo, inaongeza mstari mpya chini kabisa na kugonga tarehe ya leo. Mistari ya juu haiguswi. Ukiandika maelezo yako ubavuni, yatakaa na habari yake mpaka wewe mwenyewe uyafute.

Unaiwekea saa ya kuamka. Mimi nimeiambia saa kumi na mbili asubuhi, ambayo yenyewe inaijua kama saa 6. Saa zetu za Kiswahili haizijui. Itaamka wakati wowote ndani ya saa hiyo, kwa hiyo msishangae ikichelewa dakika arobaini. Na hakikisheni saa za mradi zimewekwa za Dar es Salaam. Kuna wakati mradi mpya huja na saa za Marekani, ukabaki unasubiri alfajiri habari zinazofika jioni.

Tazameni hapa ukutani, nimekuza mstari mmoja. Kiungo kilicholetwa na Google Alerts hakianzi na jina la gazeti. Kinaanza na google.com/url, kisha maneno mengi, na anwani halisi imejificha katikati baada ya "url=". Skripti inaikata na kubakiza hiyo halisi. Na kichwa cha habari, mnaona hizo alama za "b" zinazolizunguka neno korosho? Ni za kukolezea maandishi, nazo zinafutwa. Mwishoni mwa viungo vingi kuna alama ya kuuliza na maneno yanayoanza na "utm". Yale ondoeni, vinginevyo habari moja itaingia mara tatu kwa sura tatu. Lakini msikate kila kitu kilicho baada ya alama ya kuuliza, maana zipo tovuti zinazoweka namba ya habari yenyewe hapo hapo. Ukikata, habari zote za tovuti hiyo zitaonekana ni moja.

Maneno ya kutafuta yanataka fikra kuliko skripti. Kiswahili chetu kinabadilika kwa mbele: mnada, minada, mnadani, mkulima, wakulima, ameuza, wameuza, zimeuzwa. Msiiachie mashine iunganishe maumbo hayo yenyewe. Andikeni yote, mkiyatenganisha na OR kwa herufi kubwa. Wekeni "kangomba", maana habari za ununuzi wa vichochoroni mara nyingi hazitaji mnada. Na kama mnafuatilia mabibo, matunda ya mkorosho, jiandaeni kuletewa habari za kata ya Mabibo kule Ubungo, Dar es Salaam. Ongezeni alama ya kutoa mbele ya neno "Ubungo", na nyingine mbele ya "mapishi".

Kuhusu namba, nasema kwa msisitizo. Jedwali lina tabia ya kubadilisha kitu bila kukuuliza. Namba ya simu inayoanza na 0 inapoteza sifuri yake. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, lakini Excel na Google Sheets hutunza 15 tu, zilizobaki zinageuka sifuri. Safu za namba hizo zipangeni ziwe maandishi kabla data haijaingia. Na mwaka 2020 huko Uingereza, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na Korona hawakuhesabiwa kwa wakati, kwa sababu majibu yalikuwa yakimiminwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi hayakuingia, na waliokutana na wagonjwa wale walichelewa kuambiwa. Kwa hiyo skripti yangu kila asubuhi inaandika pia idadi: zimesomwa ngapi, zimeingia ngapi, zimerukwa ngapi. Naitazama idadi hiyo kabla ya kutazama habari yoyote.

Majina na simu za wakulima msiziingize kwenye jedwali hili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mkulima hakuwapa namba yake kwa kazi hii.

Mzee pale mbele ananiuliza: kama mashine inaleta, kwa nini isitoe na bei yenyewe, ikaiandika kwenye safu ya bei, tukaisoma redioni saa moja? Swali zuri, mzee wangu. Asubuhi moja msimu uliopita nilikuta mstari mpya wenye bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Tarehe ya kuonekana: leo. Nilipofungua kiungo, ilikuwa habari ya Novemba 2018, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa serikali itanunua korosho za wakulima kwa bei hiyo. Tovuti ilikuwa imepanga upya kurasa zake, injini ya utafutaji ikaiona kama mpya. Mashine haikukosea, ni kweli ilikiona kiungo hicho siku hiyo. Lakini fikiria bei ile inasomwa hewani, na mkulima wa Kitangari anaisikia akiwa na magunia manane yanayosubiri mnada.

Kwa hiyo safu ya bei kwenye jedwali langu haina fomula wala skripti. Inajazwa na mtu aliyefungua kiungo akasoma mpaka mwisho, na jina lake linakaa kwenye safu inayofuata.

Sasa fungueni kompyuta zenu. Jedwali jipya, tupu. Safu ya kwanza andikeni "Imeonekana lini". Ya pili, "Imechapishwa lini". Msiziunganishe hizo mbili. Ya tatu, "Kiungo". Nikipita nyuma yenu nitaanza kuangalia hizo.