Fundi Kaondoka, Nywila ya Kiwandani Imebaki

Ndugu zangu, wanaonifahamu wanajua nitasema nini, na bado nitasema. Kamera ya ulinzi uliyofungiwa nyumbani, ile inayotumia intaneti, ilitoka kiwandani na nywila yake. Mara nyingi ni "admin", au "12345". Nani hapa ameibadilisha? Mikono mitatu! Haya, ninyi wengine sikilizeni.

Novemba 2014 habari zilienea za tovuti moja, Insecam, iliyokuwa ikirusha mubashara picha za kamera zipatazo 73,000 duniani. Maduka, maegesho ya magari, sebule, vyumba vya kulala, vitanda vya watoto wachanga, vyote vimepangwa nchi kwa nchi. Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza ikatoa onyo kwa wananchi. Sasa niambieni, mwenye tovuti hiyo alivunja nini kuingia humo? Hakuvunja kitu! Nywila za kiwandani zimechapishwa kwenye vitabu vya maelekezo, na vitabu viko intaneti. Ni kufuli ambalo kila duka mtaani linauza ufunguo wake. Kazi ya kujaribu inafanywa na kompyuta, nayo haichoki wala haiombi chai. Tovuti ikajitetea kwamba inawakumbusha watu umuhimu wa usalama. Mwalimu wa ajabu huyo, anafundisha kwa kumwanika mtoto wako akiwa usingizini.

Najua kuna mzee pale nyuma anajisemea, "Mimi sina cha kuficha." Mzee wangu, basi ficha saa unayotoka na saa unayorudi, maana kamera ya getini inazitangaza zote mbili. Na dada wa kazi, yeye aliulizwa kama hana cha kuficha?

Mwingine atasema ameshabadilisha. Vizuri, lakini sasisha na programu ya kamera yenyewe. Mwaka 2012 picha za kamera karibu 700 za kampuni ya TRENDnet zilianikwa mtandaoni, na nywila haikumsaidia mtu, kwa sababu programu yenyewe ilikuwa na tundu. Na kampuni ilikuwa ikizinadi kuwa salama!

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kufika kwenye Mirai ya 2016, kirusi cha kompyuta kilichozigeuza kamera hizi hizi kuwa jeshi la kuiangusha Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, hadi Twitter na Netflix zikagoma kufunguka kwa watu wengi Marekani. Na sheria ya Uingereza iliyoanza Aprili 2024 kupiga marufuku nywila nyepesi za kiwandani. Someni wenyewe.

Ila fundi akimaliza kufunga, andika nywila mpya kwa mkono wako, yeye akiangalia pembeni. Akinuna, mlipe nusu kwanza.