Mkono Mwepesi: Mchezo wa Kijana Wetu wa Sataranji ya Simuni

Assalamu alaykum. Ahsanteni kwa kuja, na ahsanteni zaidi nyinyi mliobeba viti kutoka nyumba ya pili, maana wallahi sikutegemea watu wengi hivi kwa ajili ya sataranji. Mimi nasema sataranji, vijana wanasema chesi. Ni kitu kimoja. Askofu pia wako humu wanaomwita tembo, na si kosa, kwa Kiarabu jina lake mpaka leo ni fil. Malkia kwao ni waziri. Leo nitasema askofu na malkia, kwa sababu ndivyo anavyosema kijana tunayemzungumza.

Nimemwomba ruhusa, akanipa kwa sharti nisimtaje jina. Silitaji. Ameketi safu ya pili, na tangu nianze anatafuta kitu mfukoni ambacho hakipo.

Nilimwomba anipe michezo yake ya mwezi mzima. Anacheza Lichess, programu ya bure aliyoianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010. Uzuri wa programu hizi ni kwamba hazisahau. Kila hatua imo, sekunde alizobakiwa nazo zimo, na saa aliyocheza imo, kwa hiyo nimejua pia ni usiku gani kijana huyu hakulala. Mama yake yuko hapa, kwa hiyo hilo tutalirudia kwa adabu.

Neno moja kuhusu pointi, maana ndizo zinazomtia kiburi. Ukifungua akaunti pale unaanzia 1500, ukishinda zinapanda, ukishindwa zinashuka. Hesabu za namna hii zinatokana na kazi ya Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na FIDE, shirikisho la dunia, liliupokea mfumo wake mwaka 1970. Pointi zinakwambia jambo moja tu: ukimzidi mwenzako kwa pointi 200, katika michezo minne utegemee kuvuna kama pointi tatu. Lakini ni ndani ya kundi lile lile, kwa mwendo ule ule wa saa. Pointi za simuni, za michezo ya dakika tatu kwa kila mchezaji, huwezi kwenda nazo mbele ya ubao wa mbao ukazionyesha kama kitambulisho. Mwenyewe ameshajaribu. Nitafika huko.

Sasa, anachezaje?

Akiwa na kete nyeupe hana mawili. Askari wa malkia mpaka d4 (herufi ni safu ya kusimama, namba ni mstari wa kulala), askofu f4, kisha e3, c3, farasi f3, askofu wa pili d3. Mpango huu unaitwa London, jina lililotokana na mashindano ya mji huo ya mwaka 1922, na ni mpango wa heshima kabisa. Unafaa kwa mtu mwenye haraka kwa sababu hatua zake karibu ni zile zile, mwenzako afanye analofanya. Yeye anazipanga kete hizo kwa sekunde nne au tano zote pamoja. Nimekaa naye nikamtazama: macho yako kwingine, kidole kinajiendea.

Akishapanga, anashambulia. Hajui kungoja. Upande wa mfalme wa mwenzake ndio kwao, anaelekea huko kama mtu anayerudi nyumbani kwa futari. Na jicho analo, si kwamba nampamba. Farasi wake anaona kete mbili za kupiga kwa mpigo mmoja kabla mimi sijamaliza kuhesabu miraba. Tena akizidiwa hatupi kete. Mchezo mmoja amepoteza ngome nzima, mwingine angefunga simu akalale. Yeye akatega mtego, ukakataliwa, akatega wa pili, ukakataliwa, akatega wa tatu, ukanasa. Hiyo ni roho, na roho mwalimu hafundishi. Nilimwona mwanafunzi wa namna hiyo mara moja tu kabla ya huyu, na yule alituacha akaenda kwenye mpira.

Lakini naomba mtazame mchezo huu mmoja, nimeuweka ubaoni.

Mweusi ameshamficha mfalme wake g8, ngome iko f8. Kijana wetu anamtoa askofu wake mhanga: anakula askari wa h7, mfalme anamla askofu. Farasi anaruka g5, mfalme anarudi g8, malkia anatoka mpaka h5. Sasa malkia akiingia h7 mfalme amefungwa. Njia hii ni ya zamani sana, imo katika maandishi ya Mtaliano Gioachino Greco ya miaka ya 1620 hivi, na kila anayeanza kuipenda sataranji huipenda kwa sababu yake. Mwenzake alikuwa na sekunde kumi na moja. Akasogeza askari wa upande wa malkia, sijui kwa nini, labda alitetemeka. Malkia h7, mchezo umekwisha, pointi zimepanda, kijana akaanza mwingine papo hapo.

Mimi nilikaa na mchezo ule jioni nzima. Dawa ya shambulio lile kwa kawaida ni farasi kusimama f6, kwa hiyo mweupe hutanguliza askari mpaka e5 ili f6 pasikalike. Tazameni ubao. Askari wa e5 yuko wapi? Hayupo. Farasi mweusi yuko d7, njia nyeupe mbele yake. Angerudi f6 tu. Angeziba h7 na kumfukuza malkia kwa hatua moja, na mweupe angebaki amempoteza askofu kwa askari mmoja. Shambulio lilikuwa bovu tangu kete ya kwanza.

Nilimwuliza, ulimwona yule farasi? Akanijibu, "Maalim, si nilishinda?"

Hilo jibu ndilo lililonifanya niombe kuzungumza leo. Kwa dakika tatu, mkono mwepesi unalipwa. Hatua mbovu inayomshtua mwenzako ina faida kuliko hatua nzuri iliyokugharimu sekunde ishirini. Ukicheza maelfu ya michezo kwa soko hilo, mkono wako unajifunza bei za soko hilo. Na ushindi haumwambii mtu kitu. Akishindwa anafungua mashine, yaani Stockfish, programu ya kuchambua michezo, inamwonyesha kosa kwa alama nyekundu, anaguna, anafunga. Akishinda hafungui kabisa. Kwa hiyo makosa yake makubwa yamelala ndani ya michezo aliyoshinda, salama, hakuna anayeyasumbua.

Wazee wa bao hapa wananielewa. Nendeni Jaws Corner, kule Mji Mkongwe, jioni mkae kando mtazame. Mzee hashiki kete mpaka ameshaizungusha kichwani, anajua atalala shimo gani, yaani zamu yake itaishia wapi, na akishalala huyu mwingine atakula wapi. Nimekuwa nikiwaza jambo la ajabu kidogo: bao letu lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina kete 32 na miraba 64. Imetokea tu, sijengi falsafa juu yake. Lakini mtu wa bao ana kete 22 mkononi mwanzoni mwa mchezo, anaziingiza moja moja, na nyumba yake, shimo lile lenye kete sita, anailinda au anaitumia kwa wakati anaouchagua yeye. Kijana wetu angekuwa ni bao anacheza, nyumba angeivunja zamu ya kwanza, kisha angetaka mechi nyingine.

Kuna utafiti unaonisaidia hapa. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia Mholanzi, alichapisha tasnifu yake mwaka 1946 akichunguza mabingwa wanafikiri vipi. Alikuta kwamba bingwa hahesabu hatua nyingi mno kuliko mchezaji mzuri wa kawaida. Anachomzidi ni kuona: ukimwonyesha ubao kwa sekunde chache anaupanga tena karibu wote kwa kumbukumbu. Baadaye, mwaka 1973, Wamarekani Chase na Simon walionyesha kwamba kete zikimwagwa ubaoni ovyo, bila mchezo halisi, ule uwezo wa bingwa karibu wote unatoweka. Kumbe anakumbuka maumbo anayoyajua.

Kijana wetu anayo maumbo, ila yote ni ya mtaa mmoja. Mtoe London umpeleke popote, anapotea. Hata ndani ya London kuna uchochoro asioupita: mweusi akimsogeza askari c5 kisha malkia b6, anamwangalia askari wa b2 ambaye hana mlinzi, kwa sababu askofu aliyekuwa c1 amekwenda zake f4. Katika michezo niliyoiona, hapo ndipo anapoanza kufikiri kwa mara ya kwanza, na hapo hapo anaanza kukosea. Si kwamba hana akili ya kufikiri. Hana mazoea nayo.

Sasa nije kwenye ubao wa mbao, kama nilivyoahidi. Alikuja siku moja kwenye mashindano madogo ya mtaani. Amekaa, ameinama, halafu nikamwona anasimama kila mara ili auone ubao kwa juu, kama unavyoonekana simuni. Kete zenye kimo zilimchanganya, farasi mmoja aliyemwelekea alimficha askari nyuma yake. Kisha akamgusa askofu, akabadili nia, akataka kumsogeza farasi. Mzee aliyekaa mbele yake akasema kwa upole, "Umemgusa, baba." Kanuni ndiyo hiyo, uliyemgusa ndiye unayemcheza. Na saa, mara tatu alisahau kuibonyeza, kwa sababu simuni inajibonyeza yenyewe. Alishindwa kwa muda akiwa na kete nyingi zaidi. Mimi nilifurahi, nisamehe, mwanangu. Simuni usingeyaona hayo yote kwa mwaka.

Lililobaki ni mwisho wa mchezo, nalo sitalirefusha kwa maneno kwa sababu kuna kazi hapo baadaye. Kwa ufupi, hajui. Wapinzani wake wengi wanakufa kabla ya kufika huko, au saa zao zinakufa. Akifika huko na mtu mvumilivu anacheza kwa kubahatisha. Upo mchezo mmoja aliokuwa na ngome na askari mmoja, hatua moja kabla ya kugeuka malkia, dhidi ya ngome tupu. Ushindi wa kitabuni. Alikuwa na dakika mbili zaidi, hakuna aliyemfukuza. Akamtoa mfalme, akatishiwa, akamrudisha, akamtoa tena, akatishiwa, mpaka hali ile ile imejirudia mara tatu na ikawa sare.

Maswali. Bi mkubwa, karibu.

(Mama aliuliza kama amnyang'anye simu.)

Hapana, bi mkubwa, usimnyang'anye. Wengi wa anaocheza nao wako mbali na hapa, na hapa mtaani hatuna wa kutosha wa kumpa kazi. Lakini nimeona saa zake. Anaposhindwa saa sita usiku hakubali kulala na deni, anataka kulilipa, na saa saba usiku anakuwa ameshindwa mara nyingine nne mfululizo, kila mchezo mbaya kuliko uliopita. Simu ilale saa nne. Bando nalo litadumu.

(Kijana mwenyewe alisimama, akauliza nini hasa afanye.)

Acha dakika tatu kwa muda. Cheza dakika kumi na tano zenye nyongeza ya sekunde kumi kila hatua, michezo miwili kwa siku, basi. Kila mmoja uandike kwenye daftari kwa mkono wako kabla hujaiuliza mashine: hapa niliogopa nini, hapa mwenzangu alitaka nini. Hasa ule ulioshinda. Ukishaandika, fungua mashine, mpatane au mgombane. Na ukiwa mweupe, siku moja katika mbili anza na e4, uvunjiwe vunjiwe kidogo.

(Aliuliza kama pointi zitashuka.)

Zitashuka. Nyingi. Mwezi wa kwanza wenzako wa skuli watakucheka.

Haya, njoo hapa mbele. Kaa upande wa weupe. Wengine sogeeni, ila mtu asimnong'oneze. Ni ule ule wa ngome na askari. Mfalme wako d8, askari wako d7, ngome f1. Mimi mfalme g7, ngome c2. Zamu yako. Nakupa kidokezo kimoja: ngome yako kwanza iende mstari wa nne, f4, halafu ndipo umtoe mfalme, na nitakapoanza kumtishia ujiulize kwa nini niliipeleka ngome yako pale na si kwingine. Saa nimeiweka mfukoni. Mikono kwanza chini ya meza, tafadhali.