Mkaguzi Kahesabu Majaketi, Ubao Je?

MWAJABU: Karibuni tena. Tuko Kigoma, mwisho wa reli. Upepo wa Ziwa Tanganyika unaingia kwenye maiki leo, mtuvumilie. Mimi ni Mwajabu, na mwenzangu huyu ametoka Kibirizi, kwenye mwalo boti zinakoegesha, sasa hivi, harufu ya dagaa bado anayo.

RAMA: Usinianike, dada. Hata dagaa wanaanikwa kwa zamu.

MWAJABU: Haya, sema kilichokupeleka.

RAMA: Nilikwenda kwa fundi kuiona boti ya marehemu baba. Au niseme iliyokuwa ya baba. Tumeiuza.

MWAJABU: Ile iliyokuwa inapiga Mwamgongo?

RAMA: Ile ile. Kibirizi, inapita Gombe, Mwamgongo, mpaka Kagunga kule mpakani na Burundi. Imetusomesha wote. Sasa masharti yamekaza: majaketi okozi kwa idadi ya abiria, maboya, mtungi wa kuzimia moto, nahodha mwenye cheti. Ukijumlisha na injini iliyochoka, tukakaa kikao cha familia, tukaona bora kuuza. Aliyenunua ana boti nyingine tatu.

MWAJABU: Pole, kaka. Lakini nikuulize bila kukuonea: kuna sharti gani hapo ambalo wewe ungelifuta? Maana 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, cha abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, wakafa watu 228. Na hiyo ilikuwa miaka 22 baada ya meli ya MV Bukoba kuzama ziwa hilo hilo. Watu wakizikwa kwa mamia, lazima sheria ikaze.

RAMA: Silifuti hata moja! Jaketi nalitaka. Ninacholalamikia ni ukaguzi wenyewe ulivyofanyika. Mkaguzi alikuja boti ikiwa inaelea. Akahesabu majaketi, akatazama mtungi, akaandika. Dakika kumi na tano hazikufika. Ubao hakuugusa.

MWAJABU: Hata kuugonga?

RAMA: Hata kuugonga. Na sisi tulikuwa tumeshaipaka rangi ya bluu wiki ile ile, inang'aa kama mtoto wa Idi. Kila mtu anapaka kabla ya ukaguzi. Rangi inaficha mengi, dada.

MWAJABU: Majaketi nayo nasikia yana miguu.

RAMA: (anacheka) Yanatembea kweli! Asubuhi unayaona kwenye boti hii, mchana kwenye ile. Unaazima kwa jirani, ukishapita unarudisha.

MWAJABU: Tunacheka, lakini abiria wa kesho yake anapanda boti yenye karatasi na haina jaketi.

RAMA: Ndiyo maana nataka nikusimulie alivyofanya fundi leo. Boti imepandishwa juu, imelazwa ubavu. Ana nyundo, lakini hagongi kwa kichwa, anagonga kwa mpini, polepole, ubao hadi ubao, kasogeza sikio. Ubao mzima unajibu "ko". Ulioanza kuoza unajibu "pu". Akisikia "pu" anachukua msumari anauchomeka. Ukigoma, anasonga mbele. Ukiingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha, anachora chaki.

MWAJABU: Na inaanzia wapi kuoza?

RAMA: Kwenye ngama, maji yanakolala chini ya sakafu. Nyuma ya mataruma, zile mbavu za boti, uchafu unapojikusanya. Na tezini, huku nyuma injini inapofungiwa, kwa sababu pale pana matundu ya bolti na mtikisiko hauishi. Halafu ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi. Baharini wana mdudu anayekula mbao, lakini chumvi inasaidia ubao usioze. Huku mdudu huyo hatuna, ila tuna kuoza. Mvua ikidondoka ndani ya boti ikakaa, basi.

MWAJABU: Kwa hiyo anayejua kama boti itazama ni fundi, na anayesaini ni mwingine.

RAMA: Umenitoa neno mdomoni. Fundi amekalafati boti hapa, anaziba nyufa za mbao, tangu mimi nasoma shule ya msingi, na neno lake halina muhuri. Ningekuwa mimi, kila ukaguzi uwe chombo kiko nchi kavu, fundi asimame pembeni ya mkaguzi. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, boti ngapi zilikuwa zimelala mchangani? Ungekuwa wakati mzuri kweli.

MWAJABU: Nami nina langu. Wenye boti moja moja wakiuza, boti zinapungua, abiria hawapungui. Mama mjamzito wa kijiji kisicho na barabara atafanyaje? Atapanda hiyo hiyo iliyobaki, imejaa pomoni.

RAMA: Na zile kongwe hazifi. Zinahama mwalo. Zinapakia mawese na watu usiku, pwani isiyo na mtu wa kuuliza.

MWAJABU: Halafu watu wanasema zilizozeeka zipigwe marufuku zote. Mimi nawajibu kwa Liemba, meli kongwe ya ziwa hili. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe vitani 1916, lakini kwanza walizipaka mashine grisi zisipate kutu. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka kadhaa chini ya maji! Umri pekee hauniambii kitu.

RAMA: Chuma kile, dada, na grisi.

MWAJABU: Ndiyo, na aliyeitunza. Kuna mbunge mmoja wa Uingereza, Samuel Plimsoll, aliyepigania meli zichorwe alama ya mwisho wa mzigo. Sheria ikapita 1876. Unajua nini? Alama ililazimishwa, lakini mwenye meli alijichagulia pa kuichora. Mpaka 1890 ndipo sheria ikasema iwe wapi.

RAMA: (anacheka) Majaketi ya kuazima hayo! Baba naye alikuwa na alama yake. Msumari wa shaba, ubavuni. Maji yakifika msumari, anagoma kupakia, hata uje na hela ya gunia kumi. Watu walimwita mbishi.

MWAJABU: Huo msumari mngeutunza.

RAMA: Ninao hapa. (sauti ya kitu kidogo kugonga meza) Nilimwomba fundi aung'oe. Hakuhitaji koleo. Aliuvuta kwa vidole viwili, ukaja na unga mweusi.

MWAJABU: Mungu wangu. Ubao ule ule?

RAMA: Ule ule. Rangi juu, unga ndani. Na mwezi uliopita tulipakia mpaka kwenye msumari, abiria wakiwemo.

MWAJABU: Mnunuzi anajua?

RAMA: Nimempigia kabla sijaja hapa. Ubao unabadilishwa kesho.