Hadhi, Wingi na Hofu Zetu

Asalaam aleikum ndugu zangu, kina mama, vijana. Leo nina swali moja tu, kundi lililo juu lawaonaje walio chini, na wingi wa watu wabadilisha nini.

Watu husema chuki ni historia na mali, sawa, lakini 1971 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya Bristol, Uingereza, wavulana wa shule wakagawanywa kwa jambo la kipuuzi kabisa, eti huyu apenda picha za mchoraji Klee na yule za mchoraji Kandinsky, kisha kila mmoja akaambiwa awagawie wengine pesa. Alijua kundi lake na kundi la anayemgawia, lakini hakujua ni nani hasa, hawana ugomvi, na mgawaji mwenyewe hajipi hata senti. Bado waliwapendelea wa kwao, na linaloniuma mimi ni kwamba mara nyingi walikubali wenzao wapate kidogo ilmradi wawapite wale wengine.

Alafu 1991 watafiti Itesh Sachdev na Richard Bourhis wakaingiza hadhi, nguvu na idadi kwa pamoja katika majaribio ya aina hiyo. Wenye hadhi na nguvu ndio waliobagua zaidi, na wale wachache wasio na hadhi wala nguvu wakaishia kupendelea upande wa pili, si wao wenyewe! Hapo tutulie kidogo jamani, manake ukidharauliwa sana ile dharau huingia ndani mpaka waiona haki.

Sasa njooni hapa kwetu Pwani ya Kenya. Mkoloni aliandika watu kwa sheria, huyu mwenyeji huyu si mwenyeji, kodi na haki zikafuata hilo jina, basi watu wakagombania waandikwe wapi. Na Likoni, Mombasa, 1997, yale maneno ya kusema 'wabara wametujaa', yaani watu wa kutoka bara, yaliishia kwa mapanga, watu wakauawa na maelfu wakahama makwao. Mimi naona kila upande ulijihisi mchache, mpwani akijihesabu ndani ya Kenya nzima, mbara akijihesabu hapa Pwani, na hofu ya uchache haingoji sensa.

Wengine wasema tuchanganyikeni tu yataisha. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika 1954 kwamba kukutana husaidia pale watu wakiwa na hadhi sawa na lengo moja, manake dada wa kazi na tajiri wake waonana kila siku na wala dharau haijapungua. Ndio nauliza, hizi kamati za amani tunazounda mitaani, mwenyekiti huwa ni nani, na nani huachiwa kupanga viti?