Antena sita za nini?

Haya jamani, leo tena ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti ofisini, najua mmenichoka. Kuna ofisi moja ya uwakala wa forodha, kompyuta sita, bosi ananiita anajisifu, fundi angalia mtambo wangu una antena sita. Naangalia, liko juu ya kabati limetandaza miguu kama buibui, na kompyuta zote sita zimechomekwa waya! Waya! Sasa antena za nini, za simu za kuangalia Instagram? Basi karani ananiambia siku hizi akifungua tovuti ya benki kompyuta inamlalamikia cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, yeye anabonyeza endelea tu maana kazi haisubiri. Nikahisi tumbo linakata. Naingia kwenye ruta, jina admin, paswedi admin, mlango wa kuiendesha kutoka nje uko wazi, na namba za DNS, zile zinazoielekeza kompyuta tovuti iko wapi, zimebadilishwa, yaani anaandika anwani ya benki yake anapelekwa kwa wezi. Natafuta apdeti kwenye tovuti ya mtengenezaji, ya mwisho ina miaka minne, modeli yenyewe walishaacha kuishughulikia. Na bosi aliinunua mpya dukani mwezi huohuo, na risiti anayo!

Mtaniambia sisi wadogo nani atahangaika na sisi. Hakuna anayekuchagua wewe mzee, ni programu inapita anwani za intaneti namba kwa namba usiku kucha. Mirai, kirusi cha mwaka 2016, ilikuwa na orodha ya majina na paswedi za kiwandani kama 60 hivi basi, ikakusanya makamera na maruta ya watu wasiojulikana popote, mpaka Twitter na Netflix zikayumba Marekani.

Kwa hiyo ukifika dukani usiulize antena ngapi, washa simu tafuta modeli hiyo apdeti yake ya mwisho ilitoka lini, muuzaji akinuna mwache anune. Mimi ofisi za watu kumi nawawekea MikroTik hEX, ruta ndogo ya waya, bei ya kiwandani dola 60 hivi, apdeti bure. Najua kuna mtu atanitajia 2018, ndiyo, ruta za MikroTik zilikuwa na tundu la kiusalama, lakini kiraka kilitoka Aprili na miezi kadhaa baadaye watu bado wanaingiliwa kwa sababu hawajakiweka, sasa hapo mnamlaumu nani? Halafu inakubali volti 12, umeme ukikatika kiyupiesi kidogo cha volti hizohizo, yaani betri ya akiba, kinaibeba. Haina waifai, ya simu nunua kifaa chake pembeni.

FortiGate, kifaa cha ulinzi wa mtandao, nzuri ila uliza kwanza malipo ya kila mwaka. OPNsense, programu ya kugeuza kompyuta kuwa ruta, bure, kompyuta ya zamani yenye kadi mbili za mtandao inatosha, bili ya luku juu yako. VPN... naonyeshwa saa hapa, basi VPN siku nyingine. Kama kuna mwenye ruta ya 2014 bado inadunda asiondoke, nataka kuona stika ya chini yenye jina la modeli.